Kiswahili Kile Kile

Mjukuu wangu Zuhura,

Hapa Mbale sote wazima, na babu yako bado anagombana na kuku wa jirani. Unaniuliza kama ufiche Kiswahili chako mbele ya wenye nyumba huko ugenini, wasije wakakunyima chumba.

Miaka ya tisini nilitoka Tanga peke yangu, shanta kama la askari mgongoni, kutafuta pa kuishi Uganda. Jinja watu walikiogopa Kiswahili, lugha ya wanajeshi. Kila nilipobisha hodi waliniona na shanta lile, wakasema, "Afande, chumba hakuna," mlango ukafungwa. Muuza duka mmoja akaninong'oneza, "Dada, ongea Kiingereza, utapata."

Nilikijua Kiingereza. Sikukitoa. Sikutaka kuingia nyumbani kwangu kwa kujificha.

Nikaja Mbale, nikabisha kwa Kiswahili kile kile, kwa sauti zaidi. Mama mmoja akafungua.

"Wewe jeshi?"

"Mimi mpangaji!"

Akacheka, akanipa ufunguo.

Baadaye nikamleta mama yako kutoka Tanga, akiwa mtoto. Aliimba Kiswahili uani kutwa nzima, na hakuna aliyemwambia anyamaze.

Nenda kabishe hodi, mwanangu. Wakusikie.

Bibi yako