Benzi Isiyokata Kulia

Diani

Mama yangu, shikamoo.

Natumai mguu umepungua uvimbe na ile dawa unaipaka kama ulivyoambiwa, si siku ukikumbuka. Mimi mwili ni mzima. Mambo ndiyo hayakai sawa, na kwa simu husikii vizuri, ndiyo maana naandika, mjomba akusomee. Zuhura asiwepo.

Nilikwambia nimepata kazi kwa Bwana Mutua, yule wa bara mwenye nyumba za wageni huku ufukweni. Ana Benzi ya zamani, nyeupe, huikodisha kubeba mabibi harusi. Akataka ingurume. Akaagiza mabomba ya ekzosi kutoka ng'ambo, yale manne yanayotoka kwenye injini na kukutana kuwa moja. Yanang'ara kama sinia jipya.

Nikafungua bomba la zamani, la chuma kizito. Kabla sijanawa mikono, Bwana Mutua alikuwa ameshalipakia kwenye mkokoteni wa mnunuzi wa vyuma chakavu. Hakuniuliza. Ndipo nikayapachika mapya, nikagundua yametengenezwa kwa magari ya usukani kushoto. Yetu yana usukani kulia, mama, na bomba la tatu linapita palepale penye mkono wa usukani. Nahitaji nafasi ya milimita ishirini na mbili. Iliyopo ni nne. Ukikata kushoto, gari linakwenda. Ukikata kulia, chuma kinagonga chuma.

Nikamwambia, "Bosi, niruhusu nikate bomba hili moja, nilikunje, nichomelee. Kesho jioni utaliendesha."

"Ukate kitu mpya? Fundi, unajua hii imetoka wapi?"

"Najua. Imetoka wanakoendesha upande wa pili."

Hakucheka. "Mafundi wa huku mko na maneno mingi. Itaingia tu. Gari ikitoka, sanduku yako itatoka."

Hapo ndipo aliponishika. Katika nyumba hizi, fundi akiingiza vyombo vyake, havipiti getini tena mpaka mwenye nyumba amruhusu askari. Mimi mwenyewe naingia na kutoka. Nalala Ukunda, asubuhi narudi. Sanduku langu la spana limebaki. Kibanda changu Ukunda kimefungwa, maana fundi asiye na spana ni mpita njia. Wateja wangu wawili wameshahamia kwa jirani.

Mzee Chizondo, askari wa getini, Mdigo wa Msambweni, ananihurumia lakini naye ana watoto. Jana kaniambia, "Mwanangu, hiyo Benzi mpeni bibi harusi anayetaka kuzunguka uani. Kushoto, kushoto, kushoto, mpaka mume achoke kungoja." Nikacheka, kisha nikashindwa kula.

Maana ndoa ya Zuhura ni Ijumaa, na baba hayupo. Mimi kaka yake ndiye walii, wa kumwoza. Najua naweza kumwachia mjomba aniwakilishe, na sheikh atakubali. Lakini siku tuliyomzika baba, Zuhura alinishika kanzu akaniuliza nani atamwoza. Nikamwambia mimi. Hakuniuliza tena mpaka leo, kwa kuwa aliniamini.

Bwana Mutua alikwenda Nairobi, nami nikangoja arudi na jibu la lile bomba. Leo kapiga simu: anakuja wiki ijayo, tutaongea. Wiki ijayo!

Sanduku lile, mama, hakuna aliyenipa. Nililijaza spana moja moja kwa miaka kumi na moja, nyengine nikizinunua kabla ya chakula. Nimelitazama leo pale chini ya kibanda cha gari, limefunikwa turubai. Nikafunga boneti, nikamuaga Mzee Chizondo. Akanipapasa mifuko kama kawaida yake, akaona haya, akaniambia, "Nenda ukamwoze dada yako. Nitalitazama hilo turubai, lakini sikuahidi kitu."

Kwa hiyo msisogeze siku. Alhamisi jioni nitakuwa huko nyumbani Kipini, inshallah, mikono mitupu. Zuhura akiuliza, mwambieni kazi imekwisha.

Nisalimie Bi Amina, jirani yetu wa mahamri, anibakishie. Nisalimie na shangazi anayeshona nguo za harusi. Na wewe mjomba unayesoma, ile spana kuukuu ya baba, namba kumi na tatu, iliyoning'inia nyuma ya mlango, usimpe mtu. Nitaanza na hiyo.

Mwanao,
Omari