Santuri ya Japani Niliyoifukiza Ubani

Walaal Halima, ndugu yangu, salaam aleikum kutoka Modogashe, kwa mkono wa mtoto wa mwenyeji wangu anayeniandikia. Jua la huku linatuchoma sawasawa, sisi na mbuzi.

Nimeipata ile rimiksi ya Japani, nyimbo zilizochanganywa upya za bendi ya wale vijana wangu wa zamani wa vinanda vya umeme, santuri moja tu iliyokuwa imebaki. Muuza spea za lori aliyeniuzia akaniuliza, "Ayeeyo, bibi yangu, imeandikwa Kijapani, utasoma?" Nikamwambia hata Kiswahili sisomi, Kijapani kitanishinda zaidi namna gani?

Sasa ilikuwa inanuka dizeli. Mimi na ujanja wangu nikaiweka juu ya chetezo niifukize ubani, vile tunafukiza nguo ya bibi harusi, halafu nikakaa kupiga domo na mwenyeji wangu habari ya ngamia. Unajua nikianza ngamia. Kugeuka, santuri imejikunja kama chapati ya anjera. Miaka yote natafuta, nimekuja kuipika mwenyewe.

Walaal, niwekee lile jiwe pana la kusagia, tuilaze chini yake inyooke. Ikikubali kuimba, tutacheza, magoti yakitaka. Ikikataa, tutaitundika chumbani kwako kunukie. Mungu akuweke mpaka nifike, na gramafoni yangu usimwazime mtu.

Dada yako, Fatuma