Konzi ya Udongo

Point, Durban
12 Agosti 1998

Kaka Ladislaus,

Mimi mzima, nakohoa kidogo tu kwa upepo wa huku. Uliuliza nasoma nini hasa. Nasoma maandiko ya Wayahudi, ya kale hadi ya leo. Kumbe kitabu chao kitakatifu kikichakaa hawakichomi, wanakizika kama mtu. Jana mwalimu wetu alitupeleka makaburini kuzika vitabu vilivyooza kwa unyevu. Kila mwanafunzi alitupia konzi moja ya udongo. Mimi nilitupia tena na tena, mpaka mwalimu akanishika bega.

"Sia, unamzika nani?"

"Baba."

Mlimzika ndipo mkaniambia, eti nisivurugike wakati wa mitihani.

Mitihani nimefaulu. Mwambie Mama na mimi nimeshazika.

Mdogo wako,
Sia