Ng'ombe wa Njia Panda Ameota Majani

Jumatatu, 26 Agosti
Leo tena udongo wa sanamu ya ng'ombe. Darasa la tano wamekanyaga tangu asubuhi, na mimi mwalimu wao nimekanyaga nao mpaka visigino vinauma. Udongo tumeutoa bondeni. Rajabu, fundi sanamu aliyetoka Ujiji, anasema udongo mtupu hupasuka ukikauka, lazima uchanganywe na pumba za mpunga. Hapa mlimani pumba hatuna. Mwanafunzi wangu Yusta akakimbia kwao, akarudi na gunia la makapi ya maharage kichwani. Rajabu akashika, akanusa, akasema yanafaa. Tukamwaga lote. Nilitaka kujua tu: inakuwaje makapi yazuie ufa? Nimemuuliza mara tatu. Kanicheka.

Alhamisi, 29 Agosti
Ng'ombe wetu ana miguu na tumbo. Leo kichwa, na pembe ndefu kama za ng'ombe wetu wa asili. Ndani ni mtupu. Miguu minene ya kupita kiasi, lakini Rajabu anasema asiponenepa miguu atakaa chini. Yuko pale pale njia panda, kwenye kipande cha uwanja wa shule, na tutamchoma hapo hapo. Tanuri litajengwa kumzunguka, kama tunavyochoma tofali.

Mwalimu Mkuu kapita, mikono nyuma. Kamati ya shule inataka kipande hicho kijengwe vibanda vya biashara. Sanamu ikisimama, uwanja ni wa watoto. Ikianguka, vibanda. Nimekasirika. Lini mtoto alipewa kitu hapa Kasulu bila masharti?

Jumanne, 3 Septemba
Yebabawe! Ng'ombe ameota majani.

Tulimfunika magunia yenye maji ili akauke polepole. Leo tumemfunua: miche ya maharage ubavuni, shingoni, hata puani. Watoto wamecheka mpaka wakakaa chini. Mimi pia. Rajabu hakucheka. Alituonyesha kwa kidole: kila mche umeacha ufa. Kwenye makapi yalibaki maharage, na hakuna aliyepepeta. Sisi wote watoto wa wakulima, na hakuna aliyepepeta!

Jumatano, 4 Septemba
Yusta hakuja shule. Jana wenzake walimwita Mama Maharage njia nzima. Nimewasema mpaka sauti imekauka.

Jioni nimekwenda kwao. Mama yake aliniinamia, akanisalimu kwa makofi ya taratibu, salamu ndefu, habari za nyumbani, za kazi, za mvua ambayo haijaja. Ndipo akasema mtoto yuko nyuma ya nyumba na ugali kaukataa. Yusta aliniambia kitu kimoja tu: "Madam, watajenga vibanda kwa sababu yangu." Nikamwambia aje Jumamosi, kuna jambo nataka kulijua na peke yangu siliwezi.

Jumamosi, 7 Septemba
Rajabu anataka kumbomoa ng'ombe, aanze upya kwa saruji. Anasema maharage yaliyobaki ndani yatalipuka motoni na tumbo litapasuka. Nikamuuliza, umewahi kuona? Hajawahi. Basi!

Yusta alikuja. Tulichukua matonge ya udongo ule ule uliobaki. Mengine yalikuwa bado na unyevu, mengine yalikuwa yamekauka kabisa juani. Yote tukayatia motoni jikoni kwa mpishi wa shule. Ya unyevu: pa! Kipande kilimpita mpishi sikioni, akatufukuza na mwiko. Tumerudi kwa kunyata. Makavu yalikuwa mazima. Kila palipokuwa na harage pamebaki tundu. Yusta alishika tonge moja, akachungulia tunduni kwa jicho moja, akacheka. Nilikuwa nimeusahau ule mwanya wake wa meno.

Rajabu aliligeuza tonge mara nyingi. Mwishowe akasema sawa, mwacheni ng'ombe akauke mpaka mfupani.

Jumatatu, 16 Septemba
Magunia tumeyatoa. Anapigwa jua. Kila mtoto ana sehemu yake ya kung'oa miche na kuziba nyufa. Udongo wa kuzibia wameuchekecha kwa chekeche, tena bila kuambiwa.

Kamati imekuja bila taarifa. Mwenyekiti kaona nyufa, kaguna. Uamuzi wao: mchomeni, halafu mvua ya kwanza ndiyo itakayosema. Akiyeyuka, mafundi wa vibanda wanaanza kesho yake. Mawingu yameanza kukaa juu ya milima ya Heru. Nayachukia.

Ijumaa, 27 Septemba
Tumemchoma. Wazazi walipanga tofali kumzunguka, wakakandika tope, kuni zikaingia. Tulitega masikio. Ikasikika pa moja. Baadaye nyingine, kubwa zaidi. Kila ikilia Yusta ananibana mkono, ana kucha yule mtoto.

Halafu harufu. Maharage yanaungua, mtaa mzima! Bodaboda walisimama kuuliza nani kasahau sufuria. Nimecheka huku nataka kulia.

Jumapili, 29 Septemba
Kutoka kanisani moja kwa moja njia panda. Tofali zilikuwa bado na joto. Pembe moja imekatika. Miguu mizima. Tumbo zima! Mwekundu, na matundu mwili mzima. Rajabu alimgonga kwa ukucha, ng'ombe akalia kama chungu kizuri.

Mzee mmoja wa kamati kasema huyu ana ndui. Yusta akapiga goti kidogo, shikamoo kwanza, kisha: "Si ndui, babu. Ni maharage." Watu walicheka, lakini mwenyekiti hakucheka. Alitazama juu, kwenye mawingu.

Alhamisi, 3 Oktoba
Mvua imenyesha mchana, nzito, bati likapiga kelele mpaka nikaacha kufundisha. Ilipokatika nilishuka njia panda na viatu mkononi.

Ng'ombe yupo.

Mwenyekiti alikuwa amefika kabla yangu, na mwavuli wake. Yusta naye, amechuchumaa chini ya tumbo. Maji yaliingia kwa matundu ya mgongoni, na sasa yanatoka kwa ya chini, polepole, ingawa mvua imekwisha. Yusta amekinga viganja.

Mwenyekiti alifunga mwavuli. Akachuchumaa upande wa pili, akakinga na yeye.