Taa Upande wa Mama

Mpendwa Kaka,

Kuna sauti moja iliyoganda masikioni mwangu tangu ulipoondoka: msumeno wa Mama ukisita katikati ya ubao. Natumaini barua hii inakukuta mzima wewe, Shemeji na watoto, na kwamba kile kikohozi kimekuachia. Sisi hatujambo. Mama anakusalimu sana, na anasema kama bado unatembea kifua wazi kwenye baridi, usimlalamikie mtu.

Kaka, siku ile ulipolikagua kabati lililorudishwa na mteja, ukaona meno yanayounganisha pembe za droo yameachana, ulisema macho ya Mama yamechoka, na ni afadhali seremala wa mtaa wa pili achukue benchi na vifaa kabla Mama hajaharibu jina lake. Mama hakubisha. Nami sikubisha. Daktari wa macho alikuwa amesema kwa miwani yake anaona vizuri tu, lakini tulidhani anamfariji.

Nilitaka tu amalizie kazi zake kwenye mwanga wa kutosha. Karakana unaijua: chumba cha nyuma, dirisha dogo, na taa ya marehemu Baba iliyokazwa ukutani kushoto kwa benchi. Nilinunua reli ya pazia, nikaikaza kwenye boriti kutoka ukuta hadi ukuta, nikaning'iniza taa mpya kwenye vigurudumu vyake, na waya nikaufunga vitanzi ili ujikunje na kujikunjua taa inapotembea. Fundi umeme, jirani yetu, akaja kuunganisha. Muda wote Mama alikaa kwenye kigoda akinitania. Aliuliza kama chuoni nilisomea uchumi au kutundika mapazia, na akaniomba, nikianguka, nisiangukie mbao zake nzuri.

Nilipomaliza niliisogeza taa hadi kushoto, palepale ilipo ya Baba. Sikuwahi kufikiri kwamba taa ina mahali pengine. Mama akashika msumeno, akakata kidogo, akasita. Akaniambia ahsante mwanangu, inawaka vizuri, kwa sauti ile anayotumia kuwapa pole wafiwa.

Kisha akainua mkono, akaivuta taa taratibu kwenda kulia. Alisema baadaye kwamba alitaka tu kuona kama kweli inatembea.

Nilikuwa nimesimama ubavuni mwake. Kivuli cha mkono wake kilichokuwa kimelala juu ya ubao kiliondoka kama kitambaa kinachovutwa, na chini yake ukatokea mstari wa penseli, mwembamba, mweusi, mzima. Mama ni mtu wa mkono wa kushoto, Kaka. Baba alikuwa wa kulia. Taa ile aliikaza kwa ajili ya mkono wake mwenyewe, na alipofariki hakuna aliyethubutu kuigusa. Miaka yote hii Mama amekuwa akikata ndani ya kivuli chake, akiufuata mstari kwa kukumbuka ulipo, na sisi tukamwambia ni macho.

Alikata hadi mwisho. Akachonga meno, akayapachika, yakaingia kwa kusukumwa na kiganja tu. Halafu akaulegeza waya, akaishusha taa hadi usawa wa benchi, na ule ubao tuliouona laini ukaota vilima na mabonde, kila pito la randa likionekana. Aliipeleka taa huku na huku, mdomo wazi, kama mtu anayeonyeshwa mtoto mchanga. Akaniuliza kwa sauti ya chini kama nadhani Baba alijua. Machozi yalikuwa yananitoka, akasema nitalia baadaye, kwanza nimshikie ubao.

Sasa nikuambie nililolifanya, usije ukalisikia kwa mwingine. Nilimwuliza Mama anataka nini, jambo ambalo mimi na wewe hatukulifanya. Alisema anataka kulitengeneza upya lile kabati. Basi jana nilikwenda kwa seremala, nikamwambia benchi haliuzwi. Akaniuliza kama wewe unajua. Nikamwambia bado, ila nimeshaamua.

Mkumbatie Shemeji, na watoto wapokee busu moja moja kutoka kwa shangazi yao.

Ni mimi mdogo wako,
mtiifu siku nyingine zote.