Meloni za Bagalwa na dawa ya Umutesi

MAELEZO YA SHAHIDI
Poste ya polisi, Ndosho, Goma. Tarehe 16 Mei 2023, saa ine ya asubuhi.
Majina: Musafiri Twahiru. Umri: miaka 74. Kazi: zamani shofere wa camion, sasa mulimaji wa meloni. Makao: Ndosho. Masomo: mwaka wa ine wa primaire, mwalimu alichoka.

Katika Goma yote hakuna mutu anayenipita kwa meloni, na sijawahi kusaidiwa na mutu.

Inspecteur Jephté ananiangalia. Basi, hiyo ni uongo. Misimu miwili nilivuna majani tu. Mvua inanyesha, nyuki hawatoki, vitoto vya meloni vinakauka vikiwa kama kidole. Aliyeniokoa ni Umutesi, anayeuza mbegu na dawa za shamba kule Mapendo, huyu huyu mumemufunga tangu juzi.

Mnamo tarehe 4 Aprili, saa moja ya asubuhi, alifika shambani kwangu na chupa ndogo ya dawa ya kukuza matunda hata nyuki wasipotoka. Alipima nusu ya kifuniko cha chupa ya bière katika bidon ya litre tano. (Mimi ni Muislamu. Kifuniko nilikiokota.) Akasema: «Papa Musafiri, unagusa tu kale katoto chini ya ua, siku ua linafunguka. Mara moja. Ukizidisha, tunda litapasuka, litakuwa chungu.»

Nikamwambia: «Unanifundisha kupaka wanja, mutoto wangu?» Akacheka, akanieleza tena mara mbili, akanipa burashi.

Jirani yangu Bagalwa alikuwa pale, alisikia yote. Akanunua chupa yake.

Tarehe 6 Aprili, karibu saa tatu ya asubuhi, nilimuona Bagalwa anamwaga chupa nzima katika bidon moja. Nikamuuliza: «Unabatiza meloni?» Akajibu: «Nusu kifuniko ni ya wazee waoga, muzee.» Akanyunyizia majani, maua, mpaka viatu vyake. Pompe ilikuwa yangu. Nilimukopesha, nikakaa juu ya jiwe la volcan, nikacheka. Sikumukataza. Hiyo ndiyo inaniuma: mimi nilicheka, na Umutesi ndiye analala chini kwenu.

Tarehe 12 Mei meloni za Bagalwa zilikuwa zimepasuka, ganda nene, ndani uwazi, chungu kama kinini. Akasema ameuziwa sumu, akaja kwenu kumushitaki Umutesi. Zangu, za dawa ile ile, zilikuwa nzito na tamu. Tangu nizaliwe hakuna aliyenieleza kitu kimoja mara tatu bila kukasirika, isipokuwa Umutesi. Andika asante hapo, na uiandike kubwa.

Leo nilileta meloni moja kama ushahidi. Inspecteur aliikata ili aichunguze, na amechunguza vipande vitano.

Yote niliyosema niliyaona mwenyewe, sikuhadisiwa. Inspecteur, kwa vile vitano una deni langu. Kile cha mwisho, kabla hujakichunguza, kipelekwe kwa Umutesi. Yeye hajaonja meloni zangu bado.

Sahihi: Musafiri T.

Nimemusomea shahidi, amekubali. Bagalwa ameitwa leo saa nane. Kipande kimepelekwa.
Inspecteur Jephté