Mwendo wa Goti Lako

Apia, Jumapili baada ya ibada

Iakopo wangu,

Mama yako hajambo. Nguruwe wake amekula kamba za viatu vyangu, nakimbia na za kuazima.

Kocha Peleiupu amenirekodi video mazoezini. Bila muziki, hatua zangu ni ndefu. Nikisikiliza wimbo ulioniachia kwenye simu ulipokwenda New Zealand kuchuma tufaha, nafupisha hatua, kama tulipokimbia pamoja, wewe na goti lako bovu.

"Wewe dada, unamngoja nani?" akaniuliza.

Nikasema nimechoka tu.

Umeandika kwamba mkataba umeongezwa tena. Haya. Kocha ameniambia siku ya mashindano nikimbie bila wimbo wako. Nitashinda, Iakopo. Hilo ndilo linalonitia hofu.

Mkeo,
Sinalei